Usikivu

Kwenye ripoti ya darasa la sita Mwalimu Nyangweso
aliandika kwa wino mwekundu: *si msikivu*.
Baba akaisoma kwa sauti mbele ya wageni.
Leo neno hilohilo nimelitafsiri mwenyewe
kwenye menyu ya mashine ya mtumba kutoka Homa Bay,
mali ya mtu aliyekuwa akivua kwa kujifurahisha:
usikivu, asilimia mia moja.

Ndiyo sababu nimo ndani ya boti.
Usoma nzima inajua mwanamke hapandi,
mjane ndiyo kabisa,
lakini Obunga alibonyeza vitufe wiki mbili,
akaliona ziwa limejaa samaki kuanzia juu hadi chini,
akatupa nyavu, akavuta magugu maji
na kandambili moja ya mguu wa kushoto.
Akaja mlangoni kwangu, kofia mkononi.
"Shemeji, wewe ndiye uliyesoma kijitabu."

Kwanza, ilikuwa imewekwa kwa maji ya chumvi.
Chumvi, huku! Tulicheka hadi boti ikayumba.

Halafu sikio lenyewe.
Tumelifunga ubavuni kwa mpira wa baiskeli,
linakula betri ya pikipiki ya Were,
na kwa asilimia mia linasikia kila kitu:
mapovu ya injini yetu, mizizi ya magugu,
vumbi la mwani, nadhani hata Ng'ong'a akikohoa.
Kioo chote kinakuwa uji wa wimbi.
Kwa arubaini, ziwa ni bakuli lililooshwa.
Msikivu kupita kiasi na kiziwi
hurudi nyumbani na kapu lilelile.

Nilijifunza na hili: sauti haijali nyama.
Nyama ya samaki kwake ni maji tu, inapita.
Kinachoirudisha ni kile kifuko cha hewa, mondo,
kinachouzwa ghali kuliko minofu.
Mashine haioni samaki. Inaona pumzi aliyoibeba,
na kuichora kama kucha iliyokatwa.

Usiku wa Alhamisi, karibu na kisiwa cha Ndere,
usikivu tisini na mbili, mita nane,
kilipita kitu kirefu, kimelala kwenye tope.
Hakuna aliyesema. Obunga alivua kofia.
Ng'ong'a akazima injini bila kuambiwa.
Tangu Machi hatulitaji jina la Oyugi tukiwa majini.
Boti ilirudi. Mume wangu hakurudi.

Gogo, nikasema. Au nyavu za mtu, zimezama.
Nikashusha: themanini na tano. Sabini na nane.
Kikafifia upande mmoja, halafu wa pili.
Sabini. Sitini na nne.
Kioo kikatakata, na kule kulia, mita tano,
kucha tatu, nene, za manjano.

Mpaka leo sijui kama nilichoondoa ni kelele.
Asiye na pumzi, mashine haina la kusema juu yake:
hilo limo kwenye kijitabu, kwa maneno mengine.

"Tupeni," nikasema. Wakatupa.

Mbuta kumi na mmoja, mmoja wa kilo tisa.
Mnunuzi aliapa mizani yake haidanganyi,
ikadanganya.
Nimeandika 64 kwa rangi ya kucha
ubavuni mwa mashine, Obunga asiguse.

Lakini alfajiri, taa za uwanja wa ndege zikionekana,
kabla sijachomoa waya,
naipandisha tena hadi mia.
Uji unajaa kioo. Ng'ong'a anatazama pembeni,
anajifanya kukunja kamba.
Nahesabu hadi kumi, polepole,
msikivu kuliko mtoto yeyote
aliyewahi kukaa mbele ya Mwalimu Nyangweso,
kisha nazima.